Gushtaba Chini ya Wali

Nyama ya kondoo ikipigwa sawasawa hubadilisha sauti. Mwanzoni inalia kama mtu anayetembea kwenye matope, pwacha, pwacha. Baada ya nusu saa inaanza kulia kama kofi juu ya paja. Ukilisikia kofi hilo usiache bado. Endelea mpaka mkono wa kulia uanze kukutukana, ndipo utie chumvi.

Nimeanza na hili kwa sababu ninyi mnaoniita tonton, yaani mjomba, mnaokuja kwangu Jumapili kuuliza kazi ya jikoni ikoje, huwa mnaanza na mishahara na makaratasi. Hayo waulizeni wanaoyajua. Mimi najua kupiga nyama, na hata hilo nilijifunza nikiwa tayari na mvi.

Shule niliiacha darasa la sita, Kigoma. Sikukosa ada wala sikuugua. Nilitaka tu kuona ng'ambo ya ziwa kuna nini. Kulikuwa na Kalemie. Baada ya Kalemie kulikuwa na Lubumbashi, na baada ya Lubumbashi kulikuwa na kila mahali. Nimetengeneza baiskeli, nimechomelea mageti, nimepaka rangi makanisa, nimembebea taa mpiga picha za harusi. Sikufukuzwa popote. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi hamu inaniisha, nafunga begi. Nilipofika Brussels, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa na miaka hamsini na kazi kumi na nne nyuma yangu.

Aliyeniingiza jikoni ni Maman Béa, mjane wa Likasi, mwimbishaji wa kwaya katika parokia yake huko Ganshoren. Sauti yake ingeweza kusimamisha tramu. Alikuwa amemlea tangu utotoni binti wa Bwana Nazir, Mkashmiri aliyekaa Etterbeek na kuendesha mgahawa Anderlecht, karibu na maghala. Siku moja Bwana Nazir alihitaji mtu wa kuosha vyombo, na Maman Béa akaniita.

"Weye Mutanzania, unajua kuosha masahani?"

"Najua, Maman."

"Bon. Na unajua kukaa kazi moja mwaka muzima?"

Nikaanza kuhesabu kazi zangu kwa vidole.

"Ndio ile nilijua," akasema. "Enda tu. Lakini ukitoroka, haya itakuwa ya miye, si ya weye."

Mbele ya mgahawa tuliwauzia watu kuku mwekundu wa krimu, ambaye hakuna Mkashmiri anayemjua. Nyuma, aliyempika kuku huyo alikuwa Mzee Habib. Kwao mpishi wa karamu huitwa waza. Msicheke, ni jina la heshima, na kazi yenyewe hurithiwa kutoka kwa baba. Baba yake alikuwa waza, babu yake vilevile. Huyu mtu aliyezaliwa kupikia harusi za watu mia tano alikuwa akimpika kuku wa krimu kama mtu anayejaza fomu posta.

Ila Jumatatu, mgahawa ukifungwa, alipika chakula chake. Hapo ndipo niliposahau begi langu.

Kwanza ni sinia. Nyumbani kwetu nasi tulikula sinia moja, kwa hiyo nilijiona mwenyeji. La kwao ni la shaba, lina mfuniko kama kofia, na hukaliwa na watu wanne, si watatu wala watano. Kabla ya kula huletwa birika na beseni, unanawishwa ulipokaa. Katikati wali, juu yake mbavu za kukaanga na mishikaki. Hivyo ni vya kufungulia tu. Baada ya hapo mpakuzi hupita na vyungu, kimoja kimoja: nyama ya mchuzi mwekundu, nyama ya mtindi, nyama ya majani, na vingine na vingine. Kila mtu anakula upande wake, na hakuna anayenyanyuka kwenye sinia mpaka wote wanne wawe wamemaliza, wala karamu haifungwi mtu mmoja akiwa bado anakula. Likumbukeni hilo la kutonyanyuka, nitalirudia.

Katika hayo yote wafalme ni wawili, na wote ni madonge ya nyama iliyopigwa. Rista ni jekundu. Wekundu wake hautoki kwenye pilipili kama mnavyodhani. Ni ua linalofanana na kishungi cha jogoo, linachemshwa, maji yake yanatiwa. Gushtaba ni jeupe, kubwa kama ngumi ya mtoto, linaelea kwenye mchuzi wa mtindi.

Sasa nyama yenyewe. Lazima iwe ya mnyama aliyechinjwa asubuhi hiyo, bado ana joto lake. Ikishalala kwenye barafu imekufa mara mbili, alikuwa akisema Mzee Habib. Unatoa kila mshipa kwa vidole, hata ule mwembamba kama uzi. Unaiweka juu ya jiwe laini, unaipiga kwa nyundo ya mbao, unaongeza mafuta ya kondoo kidogo kidogo, iliki nyeusi, tangawizi kavu. Ukilidondosha donge kwenye bakuli liruke kidogo. Lisiporuka, rudi kwenye jiwe.

Mimi nilitazama kazi hiyo ya saa tatu nikaona mtu anapoteza muda. Kabatini kulikuwa na mashine ya kusagia nyama. Jumatatu moja Mzee Habib alipokwenda kuswali, niliisaga kilo nne kwa dakika kumi, nikaiviringa, nikajisifu. Jioni akachukua donge moja, akalibonyeza kwa kidole gumba. Likamomonyoka kama mchanga wa ujenzi. Alivuta kiti, akanikalisha, akaniwekea sufuria yote mbele. Yalikuwa madonge thelathini. Niliishia kumi na saba, na hadi leo mashine ya kusaga nyama ikiunguruma nasikia tumbo likiitika.

Kwa miaka miwili baada ya hapo hakuniruhusu kugusa nyundo. Niliomba. Nilibembeleza. "Osha vyombo," alisema. Akanipa kutoa mishipa, na kukoroga mtindi. Huo nao una mambo yake: ukishauweka motoni unakoroga upande mmoja tu, bila kusimama, mpaka uchemke, la sivyo unakatika, maji huku na chenga huku. Mara moja nilikwenda kumfungulia mlango mtu wa vitunguu. Nilirudi baada ya muda wa kusema bonjour na merci. Ulikuwa umekatika. Ndiyo maana nawaambia: mtindi ukiwa motoni, mlango ugongwe hata na waziri, mwache agonge.

Na kuni. Mzee Habib aliamini karamu haipikwi kwa gesi, inataka kuni za mti wa matunda. Anderlecht, kuni za mti wa matunda! Ni Maman Béa aliyezipata, kwa padri mmoja mzee wa Kibelgiji aliyewahi kukaa Katanga na kustaafu na bustani yake. Mti wake wa peasi ulikuwa umezeeka. Nilipokwenda na mkokoteni, padri akanipokea kwa Kiswahili: "Karibu, mwana. Mupeari huu ulinipa matunda miaka makumi mbili. Sasa enda naye kwa arusi." Siku ya kwanza tulipowasha moto uani, majirani waliwaita wazima moto. Walikuja na gari zima. Waliondoka baada ya saa moja wakilamba vidole, wakatuachia onyo na ndoo mbili za mchanga.

Naruka huku na huku, najua. Nifike kwenye arusi yenyewe, maana mti wa peasi ulikwenda huko.

Samina, binti wa Bwana Nazir, alikuwa anaolewa. Babu wa bwana arusi alikuwa anakuja kutoka Srinagar, mji mkuu wa kwao, mzee ambaye maishani amekaa kwenye karamu zisizohesabika na ambaye neno lake juu ya mchuzi husafiri haraka kuliko ndege. Bwana Nazir akatuita jikoni.

"Mzee Habib," akasema, "babu akila akaridhika, Wakashmiri wa nchi zote hizi watatuita. Nitaacha kuku wa krimu, tutapika karamu tu. Lakini asiporidhika, nisamehe. Mahali hapa nitapageuza banda la chipsi. Sina nguvu ya kuendelea hivi."

Mzee Habib aliinamisha kichwa. Baadaye aliniambia, huku akinoa kisu ambacho hakikuhitaji kunolewa: "Baba yangu hakuwahi kupika chipsi."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Masinia thelathini na tano, watu mia na arobaini, vyakula kumi na vitano, ukumbi wa kukodi wenye mazulia ya kuazima. Wanawake walikaa kushoto, wanaume kulia. Mimi nilikuwa mpakuzi mkuu, nimevaa shati jeupe. Mzee Habib alikaa uani na vyungu vyake. Waza hatoki mpaka karamu iishe.

Maman Béa alialikwa kama mama wa pili wa bibi arusi. Alikaa sinia moja na wasichana watatu wa Kibelgiji waliosoma na Samina, na kwa saa nzima aliwafundisha kula kwa mkono. "Non, non, chérie, kidole hii inasukuma, si kuchota. Weye uko unakula ao unapanda maua?"

Chakula cha saba kilipopita, aliniita kwa kidole.

"Mwana wangu, miye niende. Niko na chorale à dix-sept heures."

"Maman, saa kumi na moja bado, na vimebaki vinane!"

"Munane? Munataka kutuua?"

Nikahisi vibaya. Huyu ndiye aliyeniingiza mahali hapa. Tangu alfajiri nilikuwa nimetoa mishipa ya gushtaba hadi kucha zinaniuma, na yeye aondoke bila hata kuionja? Kwetu mgeni wa heshima akiwa na haraka, unamtangulizia kilicho bora. Hata mama yangu angefanya hivyo. Mzee Habib alikuwa ameinamia chungu kingine. Nikafunua cha gushtaba, nikachota nne kwenye bakuli ili na wasichana wasione wivu, nikaenda nazo mbio na kuziweka katikati ya sinia lao.

Sasa sikilizeni vizuri. Nilikuwa nimeambiwa kwamba gushtaba huliwa mwisho. Sikuwa nimeambiwa kwamba gushtaba ndiyo mwisho. Nilidhani ni kama ndizi baada ya ugali: mtu akitaka kuanza na ndizi, nani atamkataza? Lakini kwao gushtaba ikishaingia mwenye shughuli amesema, "Ndugu zangu, hatuna zaidi." Hakuna nyama inayoifuata. Ukipeleka kingine baada yake umejitukana mwenyewe na umewatukana wageni.

Kwenye sinia la jirani alikuwepo shangazi wa bwana arusi. Aliona ile nyeupe. Mkono wake ukasimama hewani na tonge. Akalirudisha, akafuta vidole, akaagiza beseni. Mwenzake naye akaona. Beseni likaanza kuzunguka kushoto, habari ikavuka kwenda kulia. Niliona wanaume wakitazamana: vyakula saba tu? Kutoka Srinagar mpaka huku, vyakula saba? Babu, mtu mwenye adabu, hakuuliza kitu. Alinawa. Akakaa sawa, akainua viganja vyake viwili kwa dua ya kufunga, na ukumbi mzima ukainua viganja pamoja naye.

Bwana Nazir alikuwa mweupe kama unga. Uani, vyungu vinane vilikuwa vikichemka.

Maman Béa alipoona watu wanaomba, akaanza ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na mchuzi. Hakufika begani. Alikuwa ameuona uso wangu.

"Weye. Umefanya nini?"

"Maman, nimefunga karamu."

"Umefunga nani?"

"Hiyo nyeupe ndiyo ya kufungia. Ikiliwa, basi. Na rista bado iko jikoni, na vingine vyote. Mzee Habib amekwisha."

Akaitazama gushtaba. Akawatazama wale wasichana watatu. Mmoja alikuwa ameinua kidole kuigusa, Maman akampiga kofi dogo mkononi.

"Nani ameikula?"

"Hakuna."

"Bon."

Akakusanya wali wa upande wake kwa viganja viwili, akaufukia juu ya zile nne, akaupigapiga ukawa kilima. Kisha akauzamisha mkono wake wa kulia ndani ya sinia, akauacha hapo, na akafungua ile sauti ya kwaya.

"Papa! Papa mukubwa! Pardon, ngoja kidogo na maombi. Miye sijamaliza kula!"

Viganja vya ukumbi mzima vilibaki hewani. Alikuwa amezungumza kwa Kifaransa na Kiswahili vikiwa vimeshikana mikono, na babu hakujua hata kimoja. Aliyetafsiri ni bibi arusi mwenyewe. Samina, ambaye siku hiyo alipaswa kukaa ameinamisha macho bila kusikika, aliinua kichwa na kulisema lote kwa Kikashmiri, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa na mwimbishaji wa kwaya.

Babu akashusha mikono. Alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mgeni alikuwa na mkono siniani, na mnakumbuka nilichosema: mmoja akiwa bado anakula, hakuna wa kunyanyuka.

"Mwulizeni mama," akasema polepole, "kwenye sinia lake anaona nini?"

"Mchele," akajibu Maman Béa.

"Na chini ya mchele?"

"Papa, miye nimekuja kula, sikuja kuchimba. Kule kwetu Likasi bachimbaji bako bengi, ukitaka nitakuitia moja."

Samina alitafsiri, akieleza kwa haraka kwamba Likasi ni mji wa migodi. Kisha mabega ya babu yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka kofia ikamteremkia jichoni, na wazee waliomzunguka wakacheka, na shangazi yule wa bwana arusi, huku akikaushia mikono kwenye shela yake, akacheka kwa kujilazimisha.

"Basi bado tuko njiani," akasema babu. "Rudisheni beseni."

Nilikimbia uani. Mzee Habib alikuwa amesimama katikati ya vyungu, mfuniko mkononi. Alikuwa amesikia kimya cha ukumbi, na waza anaujua ukimya kama daktari anavyoyajua mapigo ya moyo.

"Rista," nikasema. "Sasa hivi. Nitakuambia baadaye."

Vyakula saba vya kabla ya gushtaba vilipita. Maman Béa alivila vyote kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukilinda kile kilima kama askari wa benki. Nilipomkumbusha saa, alisema, "Chorale itaimba bila miye. Leo Mungu atasikia sauti ya bale bengine, na atajua tofauti."

Mwishowe gushtaba ilitoka, kwa wote, kwa zamu yake. Na kwa mara ya kwanza nilimwona Mzee Habib akitoka jikoni kabla ya dua. Alipiga magoti kwenye sinia la Maman Béa, akafukua wali kwa vidole, akatoa zile nne zilizopoa, akaweka nne za moto. Zilizopoa akaniwekea kwenye viganja.

"Hizi zako," akasema.

Nilizila zote nne, nimesimama karibu na sinki, mchuzi ukinitiririkia kwenye shati jeupe. Hata zikiwa baridi ziliruka kidogo chini ya meno.

Babu aliomba dua, na Maman Béa safari hii akaumaliza msalaba wake. Wakati wa kuagana, babu alimwambia Bwana Nazir kwamba amekula karamu mbili kwa siku moja, na ya pili ilikuwa bora. Sentensi hiyo ilizunguka kwa ndugu zake wote. Chipsi hatukupika kamwe.

Jumatatu nilikuja na begi langu. Sikuhitaji kufukuzwa, njia niliijua. Mzee Habib alilitazama begi, akalisogeza kwa mguu mpaka chini ya meza, akaniwekea nyundo mapajani.

"Miguu yako ina huruma nyingi mno," akasema. "Haifai kubeba vyombo. Kaa chini, huruma yako itie mikononi, upige."

Nilikaa hapo miaka kumi na miwili. Mimi! Watu walionilea utotoni wasingeamini. Siri yenyewe ni kwamba nyama sikuwahi kuielewa yote. Kondoo wa Machi si kondoo wa Oktoba, na aliyekimbia sana kabla ya kuchinjwa hupigika kwa shida. Kila nilipodhani nimemaliza kujifunza, donge halikuruka. Siku hizi vijana wa jikoni wana mashine yenye nyundo mbili, nzuri, inapiga kweli, haisagi. Ila inataka mtu wa kuisikiliza, na huyo hauzwi pamoja nayo.

Nilistaafu miaka ya elfu mbili na kumi ikielekea ukingoni. Walinipikia mimi. Kwenye sinia langu walikaa Maman Béa, Samina na Mzee Habib, ambaye wakati huo magoti yake yalikuwa yamekataa kazi na alibebwa hadi kwenye zulia akilalamika kwamba wamembeba vibaya. Vyakula kumi na vinne vilipita, na rista niliikosoa kidogo ili wasidhani nimelainika. Kisha mpakuzi akaja na ile nyeupe, akaniwekea ya kwanza mimi.

Niliitazama. Nikakusanya wali wa upande wangu, nikaufukia juu yake, nikaupigapiga.

"Itapoa," akasema Mzee Habib.

"Nini? Mimi naona mchele tu."

Maman Béa alishika mdomo. Mzee Habib akakitazama kile kilima kwa muda mrefu, akautazama mlango ambao nilipaswa kuondokea karamu ikiisha, kisha akageuka na kupaza sauti kuelekea jikoni, wamletee chungu cha rista.